Aina Mbili za Programu Katika Kompyuta Moja

Ndugu wanafunzi wa Masasi na Newala! Sogeeni karibu na redio. Asiyeona vizuri akae mbele, maana leo mwalimu ataandika ubaoni neno moja gumu.

Ninyi mnalijua ghala la korosho. Magunia ya daraja la kwanza hayachanganywi na ya daraja la pili. Kila daraja lina mahali pake, na karani huandika daftarini gunia gani limeingia, na la chama gani. Karani akizembea, mkulima hupunjwa. Basi, ndani ya kompyuta pia yumo karani, ila si mtu; ni programu. Kazi yake ni kupokea programu nyingine, kuziweka mahali pake na kuziandika.

Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tarakimu moja huitwa biti. Kompyuta za zamani za ofisini hushika biti 32 kwa mara moja. Za siku hizi hushika 64. Mashine ya 32 haiwezi kuendesha programu ya 64. Lakini mashine ya 64 kwa kawaida yaweza kuendesha programu ya 32.

Tuseme chama chenu cha msingi kimenunua kompyuta mpya. Programu yenu ya kuchapa stakabadhi ni ya biti 32, na fundi aliyeitengeneza hapatikani tena. Je, mtaitupa? Hapana. Lakini ipo taabu. Programu huazima vipande vya kazi kutoka kabati moja la pamoja, na kipande cha 32 kina jina lile lile la kipande cha 64. Hapo zamani mafundi walifunga vipande vya 32 katika furushi moja kubwa. Kimoja kikihitaji kutengenezwa, furushi zima lilifungwa upya. Kazi ya kuchosha kweli!

Mwezi wa Mei 2013, watu wa Debian, ambao hutoa programu bure kwa dunia nzima, walitoa toleo la 7. Humo karani wao, aitwaye dpkg, alifundishwa kutumia makabati mawili, kila moja na jina la aina yake mlangoni. Jambo moja hulikataa kabisa: kipande cha 32 kuwa cha toleo jingine kuliko mwenzake wa 64. Vipande hivyo hutumia karatasi moja ya maelezo, kwa hiyo lazima vilingane. Mimi naupenda ukali huo.

Sasa sikilizeni, ninyi wenye kompyuta kuukuu. Agosti 2025 Debian walitoa toleo la 13. Humo programu za 32 za kompyuta hizi zimebaki kama wageni tu ndani ya mashine ya 64. Mashine ya 32 yenyewe haipokei toleo hilo. Kwa hiyo usibadilishe toleo kabla ya kutazama. Andika neno lile la ubaoni, kisha utafute mstari wenye namba hizo. Ukiona 32 na 64 pamoja, mashine yako yaweza zote mbili, hata kama ilipakiwa programu za 32 tu. Ukiona 32 peke yake, iache na toleo lake, na hesabu za chama zinakili mahali pengine leo hii.

Haya, mwalimu, andika. Darasa, someni pamoja: l, s, c, p, u.