Somo la Hesabu: Safari ya Eropleni, New York Mpaka Nairobi

Natumaini kila mmoja ana kalamu na daftari, na mwalimu wenu ameandika ubaoni majina mawili: Nairobi na New York.

Somo la leo ni hesabu, lakini nitaanza na habari ya mzee mmoja jirani yangu. Alifiwa na mama yake mwezi wa Januari. Kijana wake alikuwa New York, akapiga simu, akasema: "Baba, naondoka huku Jumatatu saa sita mchana. Safari ni ya saa 14." Mzee akahesabu kwa vidole: saa sita mchana, ongeza saa 14, ni saa nane usiku. Akawaambia watu, mazishi Jumanne saa tatu asubuhi. Dereva akaenda uwanja wa ndege usiku ule ule, akangoja mpaka kukapambazuka. Kijana haonekani.

Je, mzee alikosea wapi? Kujumlisha alijua, tena vizuri. Lakini saa sita aliyotajiwa ilikuwa ya New York, naye aliisoma kama ya Nairobi.

Dunia ni mviringo, nayo huzunguka mara moja kwa saa 24. Sisi tuko mashariki, kwa hiyo jua hutufikia kwanza, ndipo liwafikie wao. Mwezi wa Januari saa zetu hutangulia za New York kwa saa 8. Jua likiwa la utosini kwao, kwetu limekwisha kuchwa.

Andikeni sasa. New York saa sita mchana; ongeza saa 8: Nairobi ni saa mbili usiku. Hapo ndipo eropleni inapoondoka. Ongeza saa 14 za safari. Umepata ngapi? Saa nne asubuhi, Jumanne. Ndiyo saa aliyofika yule kijana, wala eropleni haikuchelewa hata kidogo. Waombolezaji walikaa juani, na bibi akazikwa saa tisa alasiri, mjukuu wake akiwapo.

Angalieni jambo moja: kuanzia Machi mpaka Novemba watu wa New York husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Wakati huo tofauti ni saa 7, si 8.

Sasa mwendo. Safari ya moja kwa moja, bila kutua njiani, ilianza mwaka 2018. Kutoka mji hata mji ni karibu kilometa 11,800, yaani zaidi kidogo ya maili 7,300. Gawanya kwa 14: eropleni huenda kama kilometa 843 kwa saa. Lakini kutoka Nairobi kwenda New York hutumia kama saa 15. Njia ni ile ile, mbona saa zimezidi? Juu sana angani huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekuja kwetu husukumwa nao; anayekwenda kwao hupambana nao, kama mwenye ngalawa ajuavyo.

Hesabu ya nyumbani: Eropleni imeondoka Nairobi Ijumaa saa tano usiku, mwezi wa Januari. Itafika New York siku gani, saa ngapi za huko? Jibu tutalisahihisha katika somo lijalo. Kwaherini.