Ukimwona Mnyama wa Porini Hajiwezi
(Mazungumzo na wanakisomo wa Kimara)



Leo tuzungumze juu ya wanyama wa porini. Labda mtasema, "Sisi tuko Dar es Salaam, wanyama wako Mikumi." Sivyo. Huku kwetu mabondeni wako tumbili. Usiku komba analia juu ya mwembe. Na Pori la Akiba la Pande haliko mbali. Humo, na katika msitu wa Pugu, yumo komba mdogo sana, wa gramu 60 hivi. Anajulikana katika misitu michache tu ya pwani.

Sasa tuseme mwanao anarudi nyumbani amebeba kinyama. Anasema, "Mama, nimeokota mtoto wa paa. Mama yake kamwacha." Je, kweli kaachwa? Mara nyingi hapana. Paa humficha mtoto wake majanini, huenda kula, halafu hurudi kumnyonyesha. Mtoto hulala kimya ili asionekane. Ukimchukua, wewe ndiye uliyemfanya yatima. Mrudishe upesi pale pale, kisha ondokeni. Mama hatarudi watu wakiwa wamesimama hapo.

Lakini wako wanaohitaji msaada kweli. Tutawajuaje? Tazama kwa mbali. Anachechemea, ana jeraha, amenaswa na mtego, au nzi wamemjaa. Au ni mtoto, na mama yake amekufa kando yake. Huyo ni yatima.

Zipo dalili nyingine, na hizi ni za hatari kwetu. Mnyama anayumbayumba, hawaogopi watu, anatokwa na mate, anauma ovyo. Huenda ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Usimshike!

Mtu akiumwa na mnyama au akikwaruzwa, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Msipake majani wala mafuta ya taa. Nendeni hospitali siku ile ile, apate sindano za kinga. Msingoje dalili.

Mkikuta mzoga, msiuchune wala msiule. Mnyama aliyekufa kwa kimeta anaweza kumwambukiza hata yule aliyemchuna tu.

Basi tufanye nini? Kwanza, waondoeni watoto na mfunge mbwa. Pili, msimpe mnyama ugali wala maziwa ya ng'ombe. Tatu, mwambieni mtendaji wa mtaa, naye ampashe habari ofisa wa wanyamapori. Nne, msimfuge. Sheria ya mwaka 2009 inakataza kukaa na mnyama wa porini bila kibali.

Huruma ni kitu kizuri, ndugu zangu. Lakini tutazame kwanza. Ninyi mnaojua kusoma, msomeeni na jirani maneno haya, na watoto wasikie.