Simu na Vizazi Vyake



Leo tuzungumze juu ya simu. Mwaka 1871 Stanley alisafiri miezi mitatu toka Bagamoyo hadi Kwihara, hapa kwetu Tabora. Barua nazo zilibebwa kwa miguu katika njia hiyo hiyo ya misafara. Siku hizi habari hufika mara moja, kwa mnara.

Lakini minara haifanani. Wataalamu huipanga kwa vizazi. Kizazi cha kwanza kilibeba sauti tu. Cha pili kikaleta ujumbe wa maandishi. Cha tatu kikaharakisha intaneti, na cha nne kikazidi. Cha tano kilianza nchini mwaka 2022.

Shida iko wapi? Vitochi vingi havishiki kizazi cha nne. Na simu ya kupangusa, hata ya bei kubwa, haina kasi ikiwa mnara wa kijiji ni wa kizazi cha pili. Basi, kabla ya kutoa pesa ya tumbaku au asali kununua simu, tuulize: mnara wetu ni wa kizazi gani? Kwa kupiga simu na kutuma pesa, kizazi cha pili chatosha.

Kusoma tumejua. Ujumbe wa pesa tuusome wenyewe. Namba ya siri tusimpe mtu.