Kusikiliza Ardhi kwa Fedha za Umma



Mwezi Agosti 1963, Marekani, Muungano wa Kisovieti na Uingereza zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kuacha kujaribu mabomu ya nyuklia hewani, anga za juu na chini ya maji. Majaribio ya chini ya ardhi yaliachwa nje. Siasa ilikuwemo, lakini mezani kulikuwa pia na tatizo la fizikia. Bomu likilipuliwa ndani ya mwamba, mtetemo unaofika kwenye vipima vilivyo mbali hufanana na wa tetemeko la kawaida. Wamarekani walitaka ukaguzi wa papo hapo mara saba kwa mwaka, Wasovieti wakashikilia mara tatu tu. Wanasayansi wa Marekani hawakuwa na uhakika wa kutosha kuwaambia viongozi wao kwamba ukaguzi hauhitajiki.

Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuliona hilo miaka michache kabla, ikaanzisha mradi ulioitwa Vela chini ya ARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi. Taaluma ya mitetemo ya ardhi, iliyokuwa ya watu wachache wenye bajeti ndogo, ikamiminiwa fedha. Nataka tuzifuate fedha hizo tuone zilizaa wapi, maana nina hakika kwamba zilizaa zaidi pale milango ilipoachwa wazi.

Kwanza kulijengwa mtandao wa vituo wapatao 120 katika nchi zipatazo 60. Nairobi ilikuwemo, na vilevile Addis Ababa na Bulawayo. Kila kituo kilipewa vipima vya aina moja na saa zilizolinganishwa, ili mtetemo uliorekodiwa huku uweze kupimanishwa na uliorekodiwa kule. Rekodi zilipigwa picha kwenye filamu ndogo, na nakala zikapatikana kwa mtafiti yeyote aliyezihitaji. Uamuzi huo wa mwisho unaonekana kama jambo la karani, lakini kwangu ndio uliobeba yote. Mwaka 1967 Lynn Sykes alizitumia rekodi hizo kuonyesha jinsi miamba inavyoteleza kando ya migongo ya bahari, na mwaka uliofuata yeye na wenzake Isacks na Oliver wakaonyesha kwamba matetemeko ya dunia nzima yanaafikiana na nadharia ya mabamba ya ardhi yanayosogea. Fedha zilizotengwa kutafuta mabomu zikatusaidia kuelewa Bonde la Ufa tunalokaa juu yake.

Tatizo la pili lilikuwa kelele. Ardhi haitulii: bahari huipiga, upepo huitikisa miti, malori hupita. Mwaka 1965 huko Montana vilifukiwa vipima 525 katika eneo lenye upana wa kilomita 200. Wimbi linalotoka mbali hukifikia kila kipima kwa wakati tofauti kidogo. Ukizisogeza rekodi hadi wimbi lilingane, kisha ukazijumlisha, wimbi hukua, huku kelele zikifutana zenyewe kwa sababu kila kipima kina zake. Kwa vipima 25, wimbi hupanda mara tano dhidi ya kelele. Hiyo ndiyo kazi tunayoiita uchakataji wa ishara, na ndiyo kazi ya maisha yangu.

Lakini kujumlisha hakutoshi. Lazima pia wimbi litenganishwe katika masafa yake, kama sikio la mpenzi wa taarabu linavyotenga udi, ganuni na fidla zinapopigwa pamoja. Hesabu ya kufanya hivyo ilijulikana tangu enzi za Mfaransa Fourier. Ugumu ulikuwa gharama yake. Rekodi ya vipimo 1,024, ikichakatwa kwa njia ya kawaida, hudai kuzidisha mara 1,048,576.

Mwaka 1963, katika kikao cha kamati ya washauri wa sayansi wa Rais wa Marekani, mwanafizikia Richard Garwin alimwona jirani yake John Tukey akiandika hesabu za Fourier. Alipomuuliza, Tukey alimweleza njia ya kuigawa hesabu kubwa kuwa ndogo, na hizo ndogo kuwa ndogo zaidi. Garwin alikuwa akiyawaza majaribio ya nyuklia. Akampelekea kazi hiyo James Cooley, mtaalamu wa kompyuta wa IBM, akamwambia ni ya kuchunguza fuwele za heliamu. Makala ya Cooley na Tukey ilitoka mwaka 1965, kurasa tano tu. Kwa njia yao, ile milioni na ushee inashuka hadi kama 10,240, na kadiri rekodi inavyorefuka ndivyo faida inavyokua. Baadaye iligundulika kwamba Mjerumani Gauss alikuwa ameandika wazo hilohilo mwaka 1805 alipokuwa akikokotoa njia za sayari ndogo, likalala katika maandishi yake ya Kilatini.

Njia hiyo haikufungiwa kwa hataza. Ilichapishwa, kila mtu akaichukua. Leo imo ndani ya simu za 4G mlizozizima mlipoingia ukumbini, na imo katika mashine za MRI hospitalini.

Na lile swali la awali, la kutofautisha bomu na tetemeko? Lilipata majibu. Katika tetemeko, mwamba huteleza kando ya mwenziwe, hivyo baadhi ya vituo huanza kwa kusukumwa na vingine kwa kuvutwa. Bomu husukuma pande zote. Tena matetemeko mengi huanzia kina ambacho hakuna mtu awezaye kuchimba. Juu ya maarifa hayo ulijengwa mtandao wa mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote, uliopangwa kuwa na vituo 321 na maabara 16, ingawa mkataba wenyewe haujaanza kutumika rasmi hadi leo. Kipima mitetemo kimoja kiko Kilimambogo. Nairobi kuna kituo cha kunasa sauti nzito ambazo sikio haliwezi kuzisikia. Dar es Salaam kuna kituo kinachochuja hewa kutafuta chembe za mionzi. Data huenda Vienna, na kila nchi mwanachama ina haki ya kuzipata zote.

Haki hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi, maana kuwa na haki ya data si kuwa na watu wa kuzisoma. Julai 2007, Gelai, kaskazini mwa Tanzania, ilitikisika siku baada ya siku. Tetemeko kubwa la tarehe 17, lenye ukubwa wa 5.9, liliwatoa watu maofisini hadi Nairobi. Picha za rada za setilaiti ya Ulaya ya Envisat, ambazo nazo husomwa kwa hesabu ileile ya Cooley na Tukey, zilionyesha kwamba magma ilikuwa imepasua mwamba chini kwa chini bila kutokeza juu. Septemba, volkano ya Oldoinyo Lengai ikalipuka. Tukio lilikuwa letu, na hofu ilikuwa yetu, lakini uchambuzi mkubwa wa tukio hilo uliongozwa na watafiti wa Ulaya na Marekani. Siwalaumu hata kidogo. Walifanya kazi nzuri. Ninasema tu kwamba serikali zetu huona wepesi kukubali mtambo, kwa sababu mtambo huzinduliwa kwa kukata utepe, kuliko kumlipa mchambuzi mshahara kwa miaka 20.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara inayosimamia utafiti ni hili. Kila fungu la kununua kipima liambatane na fungu la watu wa kukisoma, na la wanafunzi wa uzamivu watakaorithi kazi hiyo. Na kila rekodi iliyolipiwa na umma iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Bukoba au Lodwar anaweza kuichukua bila kuandika barua, ndani ya mwaka mmoja tangu iliponaswa. Rasimu ya masharti hayo ninayo, na niko tayari kuketi na maofisa wa wizara kuipitia kifungu kwa kifungu.