Kuisikiliza Mvua



Nasikia Klabu ya Sayansi inataka kuyageuza maandishi ya kipimamvua cha shule yawe sauti kwa kompyuta, na baadhi yetu tunauliza kama huo si mchezo. Si mchezo hata kidogo. Kipimamionzi cha Geiger na Müller, cha mwaka 1928, kikiungwa na spika hualika kila kinaponasa mnunurisho, na mtu huijua hatari huku macho yake yako kazini. Katika chumba cha upasuaji, mlio wa mashine hushuka kadiri oksijeni inavyopungua damuni. Daktari wa usingizi husikia kabla hajainua kichwa. Naye Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico, aliyepoteza uwezo wa kuona, ameendelea na utafiti wa nyota kwa kuzisikiliza tarakimu zake.

Ila, vijana, msitafute wimbo mtamu. Milimita nyingi ziwe sauti ya juu, chache iwe ya chini, na mwezi usio na mvua uwe kimya, japo utaharibu ngoma. (Mtashawishika kuujaza, nawajua.) Kanuni yenu ibandikeni ukutani. Kisha mwiteni mtu asiyeziona karatasi, asikilize, ataje miezi ya ukame. Akikosea, rekebisheni kanuni, msimlaumu yeye.

Wazee wenzangu, wanaomba kompyuta moja na spika mbili. Daftari la mvua wanalo.