Oili Inakwenda Wapi?

Ndugu wanakikundi, pikapu yenu ya petroli ikianza kunywa oili, msikubali haraka injini ifunguliwe. Pesa za kazi hiyo ni jasho la wengi. Kwanza tandikeni katoni chini yake usiku. Matone yakionekana, inavuja. Kama katoni ni kavu, tazameni ekzosi. Moshi wa buluu ukitoka asubuhi inapowashwa, halafu ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, na hiyo si kazi kubwa. Ukitoka mkipanda mlima na mzigo, shukuni ringi za pistoni. Hapo fundi apime kompresheni ya kila silinda, atie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, apime tena. Ikipanda sana, ni ringi. Fundi asiye na geji hiyo, mimi simwachii injini.