Kufuli, Kungojana na Ngeli: Onyo Moja la Kiini cha Linux Likisomwa kwa Kiswahili



Mada ya mhadhara huu ni sentensi moja. Huandikwa na kiini cha mfumo wa Linux katika daftari la matukio la kompyuta, kwa Kiingereza, na tafsiri yake ya neno kwa neno ni hii: "utegemezi wa mzunguko wa kufuli unaowezekana umegunduliwa." Baada yake hufuata makumi ya mistari ya majina ya vipengele vya programu. Msimamizi wa mfumo aliyeamshwa usiku huliona neno la mwisho, akazima seva, na watu wote wenye mafaili yao humo wakakaa bila kazi. Kumbe aghalabu kilichogunduliwa si ajali, bali ni njia iwezayo kufikisha kwenye ajali. Kosa hilo ni la usomaji kabla ya kuwa la ufundi.

Kiswahili kimekwisha kuingia katika kompyuta kwa mlango wa mbele. Mradi wa Kilinux uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na menyu zikasomeka. Lakini maneno ya kiini chenyewe hayakutafsiriwa, wala si desturi kuyatafsiri kwa lugha yoyote. Kwa hiyo Kiswahili cha kiini hukaa midomoni mwa fundi anapomweleza mwanafunzi, na huko ndiko kinakostahili kuchunguzwa.

Mambo yenyewe ni haya. Michakato mingi hutumia vitu vilevile kwa wakati mmoja, na ili isiharibiane kazi, kila kitu hupewa kufuli. Hapo ndipo neno linapoanza kuleta taabu. Kufuli ya dukani hutiwa mlangoni, na mwenyewe akaenda zake na ufunguo. Kufuli ya kiini haina ufunguo wala haiachwi mlangoni. Hushikwa, kazi ikafanywa, kisha ikaachiwa. Inakaribiana zaidi na kata ya kisimani: aliyeishika ndiye achotaye, wengine hungoja. Neno kufuli limeenea mno na hakuna faida ya kuling'oa. Linalofaa kurekebishwa ni kitenzi: mwalimu aseme "shika" na "achia", aache "funga" na "fungua", na nusu ya utata itaondoka. (Edsger Dijkstra, aliyeleta dhana ya semafori katika miaka ya 1960, alizipa amri zake mbili herufi P na V kutokana na Kiholanzi, na neno la P, prolaag, alilibuni mwenyewe. Wanaosita kuunda istilahi za Kiswahili na wamkumbuke.)

Mfumo wa mafaili wa mtandao, uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, ni mfano mzuri wa taabu hiyo. Katika matoleo ya kiini ya miaka ya 2000, uzi mmoja wa programu uliokuwa ukiandika ulishika kufuli ya faili; kisha, ili kunakili data kutoka kumbukumbu ya programu, ungeweza kuhitaji kufuli ya ramani ya kumbukumbu. Uzi mwingine wa programu hiyohiyo uliomba faili liingizwe katika ramani. Huo ulianza na kufuli ya ramani. Lakini faili liko ng'ambo ya mtandao, na nakala iliyopo nyumbani huenda imechakaa. Hivyo ilibidi kuitupa nakala hiyo, na kwa kazi hiyo ikatakiwa kufuli ya faili. Kila mmoja ana kimoja na anataka cha mwenzake.

Kiswahili kina neno la hali hiyo bila kukopa: kungojana. Kwa kilichozaliwa na kungojana kuna mkwamishano, kutokana na kukwama, kukwamisha, kukwamishana. Kauli ya kutendana hubeba peke yake maana ambayo Kiingereza huieleza kwa nomino isiyosema nani anamzuia nani. Hata wakiwa watatu katika duara haina shida, kama vile kufuatana kusivyolazimu wawili. Ila mchakato mmoja ukiomba kufuli ambayo tayari unaishika wenyewe, kutendana hakufai. Hapo pana kujikwamisha. Kiini nacho hutoa maonyo mawili tofauti kwa hali hizo mbili. Istilahi moja kwa zote mbili, kama "mkwamo", ingeupoteza ubainishaji ambao sarufi imeutoa bure.

Anayetoa maonyo haya ni mkaguzi aitwaye lockdep, kazi ya Ingo Molnar, aliyeingizwa katika Linux mwaka 2006. Hangoji mkwamishano utokee. Akiona asubuhi faili likitangulia ramani, na jioni ramani ikitangulia faili, hupiga kelele. Tena haangalii kufuli mojamoja. Huzipanga katika makundi, nasi wanasarufi hatuna budi kuyaita ngeli. Hapo naye hupatwa na yanayompata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepanga nomino kwa kiambishi tu: kiboko aliyelala mtoni na kiboko kilichokatika mkononi huwaweka pamoja. Kusoma saraka hushika kufuli ya saraka, kisha huweza kuhitaji ya ramani. Lakini saraka haiingizwi kamwe katika ramani ya kumbukumbu, basi duara halipo. Mkaguzi aliliona kwa sababu saraka na faili zilikuwa ngeli moja, na dawa ilikuwa kuzitenganisha.

Kwa hiyo msomaji wa onyo aanze na ulizo la ngeli: je, kufuli hizi mbili zaweza kweli kuwa za kitu kimoja? Kisha aangalie kama kuna mchakato uliokwama hasa. Seva iliyonyamaza nayo hukwamisha michakato, lakini hiyo ni habari ya mtandao na daftari husema kuwa seva haijibu. Asichanganye pia na kufuli ambazo programu huweka juu ya mafaili ili zisiandike pamoja. Hizo katika toleo la 3 la mfumo huu zina itifaki yake ya pembeni, na lockdep hazimhusu. Na atafutaye habari za zamani ajue kwamba kufuli ya ramani, iliyobeba jina la semafori, ilibadilishwa jina mwaka 2020.

Limebaki neno "unaowezekana". Kwa Mswahili linalowezekana ni jambo la kheri, lililo ndani ya uwezo. "Huenda" nalo hudhoofisha, kwani mkaguzi hakisii: mpangilio ameuona. Kinachofaa ni -nge-: "Kufuli zimeshikwa kwa mpangilio ambao ungeifanya michakato ingojane." Zimeshikwa ni tukio, ingojane bado. Msimamizi akilisoma hivyo atanakili ripoti nzima, aipeleke kwa watunzaji wa kiini, na seva iendelee kufanya kazi hadi wasaa wa kuiwasha upya. Wasaa huo usisahauliwe, maana lockdep akishatoa onyo moja hujizima, na mengine hatayasema mpaka kompyuta iwashwe tena.